Milimita nane: shajara ya kufunga shokapu za mbio

Siku ya 1

Shokapu za zamani zimetoka. Ya mbele kulia ilishakufa kitambo, ila sikutaka kukubali. Nilipoisimamisha sakafuni na kuibonyeza kwa mikono ilizama bila ubishi, halafu ikabaki hukohuko chini. Ya kushoto ilizama kwa taabu na kupanda yenyewe taratibu, kama inavyotakiwa. Kwa hiyo msimu mzima uliopita nimekuwa nikiendesha gari lenye tabia mbili, kulia hivi na kushoto vile, huku nikiyalaumu matairi.

Gari lenyewe ni dogo, injini iko mbele na magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta. Ndani limebaki kiti kimoja na keji ya mabomba. Mbele lina mfumo wa MacPherson: shokapu ndiyo nguzo inayoshika habu (kitovu cha gurudumu), springi imeizunguka, na chini kuna mkono mmoja tu. Earle MacPherson aliubuni miaka ya 1940, na Ford wakauweka kwenye Consul na Zephyr za mwaka 1950. Una vipande vichache, ni mwepesi, haumezi nafasi. Kwa mbio una kasoro moja kubwa: shafti ya shokapu haipandi na kushuka tu, inabeba pia msukumo wa pembeni gari linapokata kona, kwa hiyo msuguano ni mwingi na bushi za ndani zinalika. Nyuma kila gurudumu lina mkono wake unaofuata nyuma ya bawaba, na springi na shokapu vimefungwa pamoja juu ya mkono huo.

Seti mpya ni ya bomba moja, mafuta upande huu, gesi ya naitrojeni yenye shinikizo upande wa pili, na pistoni isiyofungwa popote inayovitenganisha. Wazo hilo ni la Mfaransa de Carbon, na Bilstein wakaliingiza kwenye Mercedes-Benz mwaka 1957. Gesi ile haipo ili kulibeba gari. Ipo ili kuyabana mafuta yasitoe povu pistoni inapokwenda mbio, kwa sababu pistoni ikikutana na povu haina cha kukisukuma, na dereva anahisi kana kwamba shokapu imeondolewa.

Nitumie nafasi hii kulalamika kidogo kuhusu jina. Shokamzoba, shokapu, liite utakavyo, limetufundisha vibaya. Tunadhani kifaa hiki ndicho kinachomeza pigo la shimo. Pigo humezwa na springi. Kazi ya shokapu ni kuizuia springi isiendelee kucheza baada ya kulimeza. Pistoni inalazimisha mafuta yapite kwenye matundu madogo na chini ya sahani nyembamba za chuma zinazopinda, mwendo unageuka joto, basi. Ndiyo maana ukimaliza raundi kumi na kuigusa shokapu, unaondoa mkono haraka.

Kila shokapu ina vinobu viwili: cha chini ni cha kubonyea, yaani gurudumu linapopanda, cha juu, kwenye ncha ya shafti, ni cha kurudi, gurudumu linaposhuka. Kliki 24 kila kimoja. Naandika hapa ili nisisahau: nahesabu kutoka kikiwa kimefungwa kabisa kuelekea kulia. Kliki 0 ni ngumu kuliko zote. Nimeona watu wawili wakibishana nusu saa kuhusu kliki 8, na kumbe mmoja anahesabu kutoka kulia na mwenzake kutoka kushoto.

Siku ya 2

Mbele. Kabla ya kulegeza chochote nilichora mstari wa rangi kwenye bolti mbili zinazobana nguzo na habu, kwa kuwa tundu la juu limerefushwa ili kurekebisha kemba, yaani gurudumu linavyoinama juu kuelekea ndani au nje. Bila alama ile unafunga kwa kukisia, na gari linatoka gereji likiwa limepiga matege.

Nati ya juu ya shafti ndiyo inayoua shokapu mpya. Ukiipiga kwa spana ya upepo, shafti inazunguka kwa kasi ndani ya sili kavu, na pistoni huko ndani inaweza kulegea. Mwingine ataishika shafti kwa koleo. Huyo simsamehe: mkwaruzo mmoja kwenye kromu ni sawa na kuwekea sili msasa, na mafuta yataanza kutoka baada ya wiki. Ncha ya shafti ina tundu la alenki. Unaingiza alenki, unaishikilia, unazungusha nati kwa spana ya mkono, na mwishoni unakaza kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Inachukua dakika tano zaidi.

Springi ni za newtoni 70 kwa milimita. Chini ya kila springi kuu nimeweka springi ndogo bapa ya kusaidia. Haibebi uzito wowote gari likiwa chini, inalala kabisa. Kazi yake ni kuisukuma springi kuu ibaki kwenye kiti chake gurudumu linaponing'inia. Niliwahi kufunga bila hiyo kwenye gari jingine, nikaliteremsha kutoka kwenye jeki, springi ikakaa upande na kulia kama mlango wa kaburi.

Mtengenezaji ameandika sahani inayokaliwa na springi ianzie wapi kwenye hesi za mwili wa shokapu. Nimeshusha milimita 20 chini ya hapo. Kila mtu anajua gari la mbio linatakiwa kukaa chini.

Kwenye kila shafti nimefunga kikamba cha plastiki, kile cha kufungia nyaya, kimebana kiasi cha kusogea kikisukumwa tu. Shokapu ikibonyea, mwili wake unakisukuma juu, ikirudi kinabaki pale pale. Ukirudi pit unajua shafti iliingia kiasi gani. Hakuna kipimo rahisi kuliko hiki.

Siku ya 3

Nyuma pamekwenda upesi, bolti mbili kila upande. Mipira ya breki nimeipitia magurudumu yakining'inia na usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho kila upande. Wa mbele kushoto ulikuwa umenyooka kama uzi, nikauhamishia kishikizo.

Kisha nikaharibu. Kwa kuwa kila kitu kilikuwa wazi, nilibadilisha na bushi za mikono ya chini, nikazikaza gari likiwa bado juu ya stendi, magurudumu yananing'inia. Nilipolishusha, likakaa juu kuliko hesabu, kama limevimba. Nikalibonyeza boneti, likarudi kwa mrusho.

Bushi ya raba haizunguki kwenye bolti yake. Bomba la chuma la ndani linabanwa na bolti, la nje linabanwa na mkono, na raba iliyoko katikati ndiyo inayosokotwa mkono unapopanda na kushuka. Ukiikaza mkono ukining'inia, raba inakuwa imetulia katika hali hiyo. Gari likishuka, raba imeshasokotwa tayari hata kabla hujaondoka, inafanya kazi ya springi ambayo hukuiomba, na itachanika mapema. Dawa ni kulegeza bolti gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake juu ya ngazi za mbao, kulitikisa, halafu kukaza. Nilipolegeza ya kulia nilisikia mlio mfupi wa raba ikijifungua, na pua ya gari ikashuka milimita 4 mbele ya macho yangu.

Nilijua kanuni hii. Nimewahi kumfundisha mtu.

Siku ya 5

Mizani minne, moja chini ya kila gurudumu. Sakafu kwanza: nilitafuta usawa kwa mpira wa maji, nikaweka vipande vya karatasi ngumu chini ya mizani miwili. Nusu tangi ya mafuta. Upepo wa matairi umelinganishwa. Mimi, kilo 78 na kofia, nikaketi kwenye kiti huku mwenzangu akisoma namba. Lingi za stabilaiza, ile fito inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia ili gari lisilale sana, zimefunguliwa upande mmoja, maana stabilaiza iliyofungwa kwa kuvutwa inahamisha uzito kwa siri na namba zote zinakuwa uongo.

Mbele kushoto 331, mbele kulia 315, nyuma kushoto 192, nyuma kulia 204. Jumla kilo 1,042, na asilimia 62 ziko mbele. Hilo siwezi kulibadilisha kwa spana. Ninachoweza kubadilisha ni mshalaza: mbele kulia na nyuma kushoto ni 507, yaani asilimia 48.7. Gari kama hili linakata kona ya upande mmoja vizuri na ya upande wa pili linagoma.

Ni kama meza yenye mguu mmoja mfupi. Ukiinua kona moja hubebi uzito kutoka hewani, unauhamisha kwenye mshalaza. Nikapandisha sahani ya mbele kulia na ya nyuma kushoto kidogo, nikashusha nyingine mbili kidogo vilevile, ili kimo kisibadilike. Kila badiliko linataka kulisukuma gari mbele na nyuma na kulibonyeza pande zote, vinginevyo matairi yaliyojibana pembeni yanakudanganya. Mara ya sita ndipo: 324, 322, 199, 197. Asilimia 50 kamili. Uzito wa kushoto na wa kulia haujabadilika hata kilo moja, na hautabadilika labda nihamishe betri.

Lingi za stabilaiza zikafungwa kwa urefu mpya, zisivute wala kusukuma. Alaimenti: kemba ya mbele nyuzi 2.8 kuingia ndani, too ya mbele (magurudumu yanavyoelekeana au kuachana kwa mbele) sifuri. Nililala mapema nikiwa mtu mwenye furaha.

Siku ya 8

Saketi. Muda wangu bora kwa shokapu za zamani, zile za tabia mbili, ulikuwa 1:14.8.

Raundi za kwanza, vinobu vyote kliki 12: 1:15.3.

Nimeandika hivyo hivyo kwa sababu namba haina aibu. Gari lilikuwa tulivu kwenye mnyoofu, likajibu usukani haraka, halafu katikati ya kona ndefu ya kulia, pale lami ilipojikunja kidogo, pua ikaachia. Haikuteleza pole pole, iliachia ghafla kama mtu aliyetolewa kiti. Natoa mguu kwenye mafuta, inashika, naweka mguu, inaachia.

Nikawaza: ngumu mno upande wa kubonyea. Mbele nikafungua hadi kliki 16. Muda 1:15.2. Hadi 20. Muda 1:15.3. Badiliko la kliki nane, theluthi nzima ya kinobu, na gari halikuona tofauti. Ningebadilisha rangi ya kofia ningepata jibu lilelile.

Basi nikageukia shokapu za nyuma, jambo ambalo sasa linanichekesha. Nikafunga kurudi kwa nyuma hadi kliki 8 nikitumaini mkia utasaidia kugeuza. Ulisaidia zaidi ya nilivyoomba. Kwenye breki ya kona ya tatu ukatangulia, nikaokota gari kwenye nyasi. 1:15.9.

Vikamba: mbele kulia, kutoka kiti cha juu hadi kikamba, milimita 60. Baada ya raundi za pili, 60. Za tatu, 60. Za nne, 60. Mbele kushoto vilevile. Nikaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "safari ya kutosha imebaki".

Siku ya 9

Sikugusa gari. Nilifanya hesabu, kwa kuwa nilishuku springi.

Springi ya mbele ni 70, lakini gurudumu haliisikii yote. Kwenye nguzo ya MacPherson gurudumu likipanda milimita 10, shafti inaingia kama 9.5. Uwiano huo unazidishwa kwa wenyewe, kwa sababu unapunguza mwendo na nguvu pia: 70 mara 0.95 mara 0.95, jibu 63 kwenye gurudumu. Nyuma springi ni 80, lakini imefungwa ndani zaidi kwenye mkono, uwiano 0.75, kwa hiyo gurudumu linapata 45 tu. Ndiyo maana anayekuambia "nimeweka springi za 80" bila kukuambia zimefungwa wapi hajakuambia kitu.

Kona ya mbele, ukitoa gurudumu, breki na habu, inabeba kilo 285. Inatikisika mara 2.4 kwa sekunde. Ya nyuma inabeba 168 na inatikisika mara 2.6. Kwa gari la lami lisilo na mabawa ya kuligandamiza, hakuna cha ajabu hapo. Springi hazina kosa.

Nikafikiria tena vinobu. Vinobu vya aina hii hushughulika zaidi na mwendo wa polepole wa shafti, na watu wengi hupotea hapa: polepole si mwendo wa gari. Gari linaweza kuwa kwenye kilomita 180 kwa saa na shafti inatembea milimita 30 kwa sekunde tu, kwa kuwa mwili unainama taratibu kwenye breki. Ukipanda ukingo wa saketi kwa kilomita 60, shafti inaruka mamia ya milimita kwa sekunde. Kuinama na kulala kwenye kona ni polepole. Mashimo na kingo ni haraka. Tatizo langu lilikuwa katikati ya kona, shafti ikienda polepole, mahali ambapo kinobu lazima kisikike. Hakikusikika. Kwa nini?

Siku ya 10

Mzee alipita. Ni fundi aliyetutangulia sote pale gereji, na hana haraka. Nilimweleza kliki zangu zote, akasikiliza huku akiwa amechuchumaa kwenye tairi la mbele kulia, taa ikiwa mdomoni. Kisha akaitoa taa.

"Kijana, hiki kikamba kiko hapa tangu lini?"

"Tangu saketi, Mzee. Nimekipima. Sitini kila mara."

"Kila mara?"

"Kila mara."

"Na stopa ina urefu gani?"

Sikujibu. Nilichukua kalipa nikapima, ingawa nilishajua. Stopa ya raba iliyo juu ya shafti, ile ya kuzuia shokapu isigonge chuma kwa chuma, ina urefu wa milimita 60. Kikamba changu kilikuwa kimeegemea mdomo wake wa chini kama mtoto kwenye dirisha. Kimekaa pale si kwa sababu safari imebaki. Kimekaa pale kwa sababu kimekosa pa kwenda. Kila nilipoingia kona, mwili wa shokapu ulikisukuma hadi kwenye raba, ukaendelea kuibana raba, kisha raba ilipojinyoosha ikakirudisha hadi ulipo urefu wake. Sitini, sitini, sitini, sitini. Mdomo wa raba ulikuwa umeng'aa kwa kugongwa, na juu yake pamechapwa alama ya meno ya kikamba.

Tukapima shafti iliyo wazi gari likiwa limesimama: milimita 68. Toa 60.

Nane.

Gari langu lilikuwa na milimita nane za kubonyea mbele kabla ya kulalia raba. Hizo zinaisha kabla breki haijakaza sawasawa. Kuanzia hapo habari ya springi ya 70 imekwisha. Unaendesha kwenye raba, ambayo kadiri inavyobanwa ndivyo inavyozidi kuwa ngumu, mara kadhaa kuliko springi. Kona ya mbele ya nje inakuwa ngumu ghafla, tairi lake linabebeshwa kuliko linavyoweza, pua inaachia. Ningezungusha vinobu mpaka usiku. Shokapu haiwezi kuamua kitu ambacho raba imeshakiamua.

Na milimita 20 nilizoshusha siku ya 2, "kila mtu anajua", ndizo zilizokula nafasi. Kwa kimo cha mtengenezaji ningekuwa na 28. Lakini si hilo tu. Mzee akanionyesha mkono wa chini: ulikuwa umeinama ukipanda kuelekea kwenye gurudumu. Kwenye MacPherson ukishusha gari kiasi hicho, kitovu ambacho mwili unalalia kinashuka haraka kuliko mwili wenyewe, na gari lililoshushwa ili lisilale kwenye kona linalala zaidi. Nililishusha gari, nikaliongezea kulala, nikaliondolea nafasi ya kulala.

Mzee hakucheka. Alisema tu, "Ulipima ukaandika. Wengine hawapimi," akaenda zake. Sijui kama ilikuwa sifa.

Siku ya 12

Nimepandisha mbele milimita 12. Stopa mpya zina urefu wa milimita 40, raba laini yenye matundu ndani, ambayo hupungua pole pole badala ya kugonga. Shafti wazi sasa 80, toa 40, nafasi 40.

Kufupisha stopa si jambo la kufanya kwa kisu na matumaini. Raba ile ndiyo inayozuia tairi lisikate madigadi na pistoni isigonge chini. Kwa hiyo nilifungua nguzo ya kulia, nikatoa springi, nikarudisha nguzo tupu na stopa yake, nikainua habu kwa jeki hadi raba ikabanwa kabisa na gari likaanza kunyanyuka. Hapo ndipo mwisho wa kweli wa safari. Tairi na madigadi vilitenganishwa na milimita 9. Nikakata usukani hadi mwisho kulia: sawa. Kushoto: tairi likagusa plastiki ya ndani, nikaikata kipande cha ukubwa wa kiganja. Mpira wa breki huru. Ekseli haijafika mwisho wa jointi yake. Kisha nikarudia upande wa pili, kwa sababu magari hayalingani pande mbili, hasa yaliyowahi kugonga.

Mizani tena, alaimenti tena. Kimo kikibadilika kila kitu kimebadilika. Asilimia 50.1, nikaiacha.

Siku ya 15

Vinobu vyote vimerudi kliki 12. Bila kugusa kingine: 1:14.1.

Kona ndefu ya kulia imekuwa kona ya kawaida. Gari linalala, linatulia, linasubiri. Pua ikitaka kuachia inakuambia kwanza kwenye usukani. Kikamba cha kulia kilisimama milimita 46 kutoka juu, yaani shafti iliingia 34 kati ya 40. Hicho ndicho kipimo nilichokuwa nakitaka tangu mwanzo.

Na sasa vinobu vinazungumza. Kliki mbili tu zinasikika, hata kwa mikono yangu isiyo na kipaji. Nilibadilisha kimoja kwa kimoja, raundi nne kila mara, na baada ya kila mabadiliko mawili nilirudi kwenye 12 kuhakikisha si mimi wala joto la lami lililobadilika.

Mbele, kurudi, 12 hadi 7. Nilitarajia pua ibaki chini wakati wa kuingia kona, na ilibaki. Lakini kwenye breki ya kona ya kwanza lami ina mawimbi matano au sita mfululizo, na pale gari likaanza kuruka-ruka na tairi la kulia likafunga. Vikamba vyote viwili vikarudi kwenye mdomo wa stopa. Hili linafaa kueleweka vizuri, kwa sababu linaonekana kinyume: kurudi kukiwa kugumu mno, wimbi la kwanza linabonyeza gurudumu, na kabla halijashuka wimbi la pili limefika. La tatu linalikuta juu zaidi. Gari linajivuta chini hatua kwa hatua hadi linakaa juu ya raba, na dereva anadhani springi ni laini. Anaweka springi ngumu. Springi ngumu inarudisha gurudumu haraka zaidi, tatizo linapungua kidogo, naye anaamini alikuwa sahihi. Nilirudisha hadi 11, mirukaruko ikaisha.

Mbele, kubonyea, 12 hadi 9: usukani mwepesi kujibu, lakini kwenye ukingo wa kona ya tano pua ilipaa badala ya kupita. Ikarudi 12.

Nyuma, kubonyea, 12 hadi 9: hapa ndipo palipokuwa na sekunde zangu. Gari linalovutwa mbele linahitaji msaada kidogo wa mkia kugeuka, na kona ya nyuma ya nje inapopokea uzito mapema, mkia unasogea bila kutisha. Nilikuwa nimetafuta kitu hichohicho siku ya 8 kwenye kinobu kisicho chake. Nikajaribu 7, mkia ukawa na haraka kuliko mimi. Tisa.

Nyuma, kurudi: imebaki 12.

Raundi ya mwisho kabla ya bendera, 1:13.6.

Joto la tairi la mbele kushoto nililipima papo hapo kwa kipimo cha sindano, si cha mwanga, maana uso wa raba unapoa kabla hujafika pit. Ndani nyuzi 88, katikati 84, nje 79. Ndani pana joto kidogo kuliko ninavyopenda. Labda kemba ipungue kidogo, lakini hilo ni la siku nyingine. Sitaki kugusa vitu viwili.

Siku ya 16

Gari juu ya stendi, magurudumu nje. Bolti zote za nguzo na nati za juu nimezipitia kwa spana ya toki. Ya juu kushoto ilisogea kama robo ya mzunguko, imekazwa na kuwekewa mstari wa rangi. Ringi za kufunga sahani hazijalegea. Hesi nimezisugua kwa brashi ya meno na kuzipaka grisi kidogo kabla vumbi la breki halijazigandisha, maana ringi iliyoganda inataka nyundo, na nyundo inakula hesi.

Shafti tatu kavu. Ya nyuma kushoto ina duara jembamba la mafuta juu ya sili. Nimelifuta. Shokapu mpya huacha utando kidogo siku za mwanzo, kwa hiyo sijapiga kelele bado. Nimefunga tambara safi la karatasi chini yake na nitaliangalia baada ya safari ijayo.

Kliki za kubandika kwenye dashibodi, zikihesabiwa kutoka kulia: mbele kubonyea 12, kurudi 11. Nyuma kubonyea 9, kurudi 12.

Kikamba cha mbele kushoto, nilipokitazama kwa mara ya mwisho kabla ya kukirudisha chini, kilikuwa kimegusa raba. Cha kulia hakikugusa. Kuna kona moja ya kulia, au ukingo mmoja, uliobonyeza upande wa kushoto hadi mwisho, na sijui ni upi. Safari ijayo nitaenda raundi moja moja, nikisimama kukitazama kila mara.